Nakivale hadi Mbarara: lita ya petroli au uniti ya umeme?

Katika vituo vya biashara vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, petroli haingoji kwenye pampu. Inakaa ndani ya chupa za maji ya kunywa, zimepangwa juu ya kigoda kando ya barabara, zikisubiri boda boda iliyoishiwa. Wakongo huiita esansi, na anayeiuza hivyo kwao huitwa kadhafi, jina lililotoka kwa kiongozi wa Libya, nchi ya visima vya mafuta. Jioni biashara ikifungwa, chupa zilizobaki huingizwa ndani, mara nyingi katika chumba kile kile wanamolala watoto na kinamowashwa kibatari.

Ukitaka kulinganisha gari la petroli na gari la umeme kwa gharama na usalama, hapa ni mahali pazuri pa kuanzia. Mjadala huu umeshika kasi Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa 2024 Ethiopia ilizuia kuingizwa nchini magari binafsi ya petroli na dizeli. Tangu Januari 2025 Rwanda haisajili tena pikipiki mpya za petroli za kubebea abiria jijini Kigali. Nairobi ina mabasi ya umeme barabarani tangu 2022. Lakini mazungumzo hayo huwa ya watu wa mijini, wenye lami mlangoni na umeme ukutani. Sisi tuupeleke mjadala kwenye njia yenye vumbi, kati ya Nakivale na Mbarara, tuone kama utasimama.

Nakivale ipo wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalianza kwa kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwisho wa miaka ya 1950. Leo yana zaidi ya watu laki moja na nusu: Wakongo ndio wengi, na pamoja nao Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo. Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020, iko kilomita 60 hivi, ikitegemea unatoka kijiji gani. Huko ndiko kuliko hospitali ya rufaa, chuo kikuu, mabenki na soko linalopokea mahindi na maharage ya Nakivale. Mgonjwa akipewa barua ya rufaa, nauli ya Mbarara inakuwa sehemu ya matibabu. Na kwa familia ambazo mgao wao wa chakula umekuwa ukipunguzwa kwa awamu tangu 2020, nauli ikipanda shilingi elfu mbili, kuna kitu kinapungua chunguni.

Safari ya lita moja

Uganda haina bahari. Chini ya ardhi ya Bonde la Albert yapo mafuta yaliyothibitishwa tangu 2006, na kwa ajili yake lilianza kujengwa bomba la kilomita 1,443 kwenda Chongoleani, Tanga. Lakini bomba hilo ni la kusafirisha mafuta ghafi kwenda kuuzwa ng'ambo. Kiwanda cha kuyasafisha hapa nchini bado ni mpango. Kwa hiyo lita inayofika Nakivale karibu kila mara imeshuka melini Mombasa, ikapita kwenye bomba hadi Eldoret au Kisumu, ikapakiwa kwenye lori la tangi, ikavuka Malaba au Busia, ikapita Kampala, Masaka na Lyantonde hadi Mbarara, kisha ikabebwa kwa jerikani kuingia makazini.

Safari ndefu kama hiyo ina milango mingi, na kila mlango unaweza kufungwa. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipokata njia, mafuta yaliadimika Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo. Januari 2022, madereva wa malori walipogoma Malaba kwa sababu ya ada ya kupimwa Korona, bei ya lita katika baadhi ya miji ya Uganda iliruka hadi shilingi elfu kumi. Miezi michache baadaye vita vya Ukraine vikaipandisha tena bei katika soko la dunia. Tangu Julai 2024 kampuni ya taifa ya mafuta, UNOC, ndiyo inayoagiza mafuta ya nchi nzima kupitia mfanyabiashara mmoja mkubwa wa kimataifa, Vitol. Hatua hiyo imebadili anayeagiza. Barabara imebaki ile ile. Mama anayekaa na mahindi yake stejini Nakivale hulipia ugomvi ambao hakuwahi kuusikia.

Safari ya uniti moja

Umeme wa Uganda kwa sehemu kubwa hutoka kwenye Mto Nile. Bwawa la Nalubaale pale Jinja limekuwa likizalisha tangu 1954. Bujagali likafuata 2012, Isimba 2019, na Karuma, lenye megawati 600, likazinduliwa rasmi Septemba 2024. Kwa jumla nchi sasa ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 2,000, kiasi kinachozidi matumizi yake ya kawaida. Hakuna mgomo wa Malaba unaoweza kuuzuia Nile kutiririka. Bei ya uniti, yaani kilowati-saa moja, hupangwa na mamlaka ya udhibiti, na kwa matumizi ya nyumbani imekuwa ikizunguka kati ya shilingi 750 na 800.

Tatizo la umeme linaanzia unapoacha nguzo kubwa. Nyaya hufika kwenye vituo vya biashara na ofisi, lakini kaya nyingi za makazini hutegemea paneli ndogo ya sola juu ya bati, ya kuwasha taa na kuchaji simu. Na palipo na waya, umeme hukatika. Hapo ndipo ilipo shida ya Nakivale: lita ni ghali lakini inakufuata hadi mlangoni ndani ya chupa. Uniti ni rahisi lakini haijafika.

Tupige hesabu

Tuchukue gari dogo la abiria linalokwenda Mbarara na kurudi mara moja kwa siku, yaani kilomita 120. Kwa mzigo, vilima na barabara ya vumbi, tuseme lita moja inalipeleka kilomita 10. Hizo ni lita 12. Kwa bei ya shilingi 5,000 kwa lita, dereva anamwaga shilingi 60,000 kwenye tangi kila siku kabla hajahesabu chakula chake wala fungu la mwenye gari.

Gari dogo la umeme kwenye njia hiyo hiyo linaweza kula uniti 20 kwa kila kilomita 100, kwa hiyo uniti 24 kwa safari nzima. Kuchaji nako hupoteza umeme kidogo, basi tuseme uniti 27. Kwa shilingi 800, ni shilingi 21,600. Tofauti ni shilingi 38,400 kwa siku. Akifanya kazi siku 25 kwa mwezi, ni shilingi 960,000. Kwa mwaka, inazidi milioni 11 na nusu. Badilisha bei au ulaji wa gari upendavyo, pengo litapungua au litaongezeka, lakini halitazibika kirahisi.

Pengo hilo halitokani na bei ya umeme peke yake. Injini ya petroli hugeuza sehemu kubwa ya mafuta kuwa joto linalotokea kwenye rejeta na ekzosi. Kinachofika kwenye magurudumu ni kidogo. Mota ya umeme hupeleka sehemu kubwa ya ilichopewa kwenye magurudumu. Tena gari la umeme halina oili ya injini ya kubadilisha, halina plagi, halina klachi, halina chujio la mafuta linaloziba kwa petroli chafu ya kwenye jerikani. Na kwenye miteremko ya vilima vya Isingiro, dereva anapoachia pedali, mota hugeuka kuwa jenereta: inapunguza mwendo na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Breki zake hudumu zaidi. Mteremko ambao kwa gari la petroli ni wa kuchoma breki, kwa gari la umeme unarudisha chochote mfukoni.

Huo ni upande mmoja wa daftari. Upande wa pili una bei ya kununua, na hapo mizani inageuka.

Toyota iliyotumika hupatikana kila yadi. Ikiharibika, fundi wa Mbarara huijua kwa kuisikia tu, na kipuri chake kinapatikana siku hiyo hiyo. Gari la umeme lenye uwezo wa kutosha ni ghali zaidi, na kifaa chake ghali kuliko vyote ni betri, ambayo huchakaa taratibu hata gari likitunzwa. Anayekimbilia gari la umeme lililotumika kwa sababu bei yake imeshuka ajue anachonunua. Mfano mzuri ni Nissan Leaf, gari la umeme lililoenea mapema kuliko mengi, lililoanza kuuzwa Desemba 2010. Toleo la kwanza lilipimwa Marekani likiwa jipya na kukadiriwa kwenda kilomita 117 kwa chaji moja. Safari yetu ni kilomita 120. Likiwa jipya kabisa lisingeenda Mbarara na kurudi bila kuchajiwa huko. Likiwa limechakaa na kubaki na theluthi mbili ya nguvu, litafika mjini na kulala. Kwenye dashibodi yake ipo mistari 12 inayoonyesha afya ya betri. Mnunuzi aihesabu kabla ya kutazama rangi ya bodi.

Uganda yenyewe iliwahi kukutana na ukuta huo. Novemba 2011, wahandisi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha Kiira EV, gari dogo la umeme la watu wawili walilolitengeneza wenyewe. Lilikuwa na uwezo wa kwenda kilomita 80 hivi. Lingetoka Nakivale likafika Mbarara kwa fahari, kisha likangoja. Magari mapya ya leo huenda kilomita 300 na zaidi, kwa hiyo ukuta huo umevunjwa na teknolojia. Uliobaki ni wa bei.

Upo pia wa muda. Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa kama kilowati 2.3. Kupata uniti 27 hapo kunahitaji karibu saa 12, yaani usiku mzima. Umeme ukikatika saa nne usiku na kurudi alfajiri, gari halina safari, na mgonjwa aliyepanga kuwahi kliniki atasubiri. Petroli hujazwa kwa dakika tano, hata kama ni ya chupa.

Na nani atakopesha? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara, na hilo ni jambo ambalo nchi nyingi hazijathubutu kulifanya. Lakini kiwanja alichogawiwa makazini si mali yake ya kuweka rehani. Benki hutaka dhamana, naye hana. Anabaki na likelemba, ule mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, au kikundi cha kuweka na kukopa. Kwa fedha hizo atanunua Toyota ya zamani, naye atakuwa amefanya uamuzi wa busara kwa kadiri ya mfuko wake. Ila wahenga walisema rahisi ghali: aliyeshindwa kulipa kwa mkupuo mmoja atalipa zaidi kila asubuhi, kwa miaka yote ya gari lile.

Moto

Swali linaloulizwa kwanza kila gari la umeme linapotajwa ni hili: je, betri haitalipuka? Ni swali la haki, na linastahili jibu la kweli. Lakini ajabu ni kwamba halimfuati jirani aliyelaza lita 20 za petroli chini ya kitanda.

Kumbukumbu zetu wenyewe zinatosha. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, Kivu Kusini, kati ya Uvira na Bukavu, lori la mafuta lilipinduka. Wengine walikwenda kuchota, wengine walikuwa ukumbini wakitazama Kombe la Dunia. Moto ulipowaka, zaidi ya watu 230 walikufa. Nakivale wapo watu wengi wa Kivu, na jina la Sange halihitaji maelezo kwao. Juni 2013 pale Namungoona, Kampala, zaidi ya watu 30 waliteketea, wengi wao vijana wa boda boda. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, walipotea zaidi ya watu 100. Siku chache tu baadaye, pale Kyambura, wilaya ya Rubirizi, kwenye barabara inayotoka Mbarara kwenda Kasese, lori la mafuta lilishindwa kusimama, likayavaa magari mengine na kuwaka. Walikufa karibu watu 20. Oktoba 2024 ikawa zamu ya Kigogwa, kwenye barabara ya Bombo.

Mtu anaweza kusema kwamba hizo ni ajali za malori, haziyahusu magari madogo. Zinayahusu. Malori yale yapo barabarani kwa sababu magari yetu yanakunywa. Hatari ya petroli huanza bandarini na kuandamana na kila lita hadi kwenye kigoda cha kando ya barabara, wakati umeme husafiri kwenye waya bila kupakiwa kwenye lori.

Kuhusu magari yenyewe, takwimu zilizo wazi zaidi zinatoka Uswidi, nchi yenye magari mengi ya umeme. Idara yake ya dharura ilihesabu moto wa magari mwaka 2022. Katika kila magari 100,000 ya umeme na ya mseto (yenye betri na injini), yaliyowaka hayakufika manne. Ukihesabu magari ya kila aina kwa pamoja, yaliwaka 68 katika kila 100,000. Ni haki kuongeza kwamba magari ya umeme ya Uswidi mengi ni mapya, na gari kuukuu huwaka kirahisi zaidi. Hata hivyo pengo hilo ni kubwa mno kuelezwa na umri peke yake. Anayesema gari la umeme ni bomu la kutembea hana ushahidi.

Ila moto wa betri una tabia yake. Betri ya lithiamu ikipondwa au ikipata hitilafu ndani, seli moja hupata joto, nayo huambukiza jirani yake, na moto huendelea bila kuhitaji hewa nyingi kutoka nje. Unaweza kuzimwa ukaamka tena saa kadhaa baadaye. Unahitaji maji mengi sana, na moshi wake una sumu. Kikosi cha zimamoto kinachotoka mjini kwenda kilomita 60 kwenye vumbi hakitaufikia kwa wakati. Kwa hiyo aina ya betri ni suala la usalama. Zile za chuma na fosfeti, ambazo sasa hutumika katika magari na pikipiki nyingi, huvumilia joto kuliko zile za nikeli na kobalti. Hatari kubwa itatoka kwenye chaja bandia, nyaya zilizounganishwa kienyeji na betri zilizofunguliwa na kushonwa upya na fundi asiyefundishwa. Nyaya nene za rangi ya chungwa chini ya gari la umeme hubeba volti za kuua. Fundi au mwokoaji asizikate.

Ukimya, ng'ombe na abiria wa tisa

Gari la umeme likienda polepole halisikiki. Mjini hiyo ni raha. Kwenye barabara ya makazini, ambayo ni ya watoto wa shule, kina mama wenye madumu ya maji, wazee wasioona vizuri na ng'ombe wa Kinyankole wenye pembe ndefu, ukimya ni hatari. Watu hawa wamezoea kupisha kwa kusikia. Umoja wa Ulaya uliliona hilo, na tangu Julai 2021 kila gari jipya la umeme linalouzwa huko lazima litoe sauti ya kutahadharisha linapokwenda polepole. Magari ya zamani yaliyotumika huenda hayana kifaa hicho. Uganda inayoweka masharti ya umri wa magari yanayoingia nchini, kwa kuyazuia tangu 2018 yale yaliyozidi miaka 15, inaweza pia kuweka sharti la sauti.

Kwa upande mwingine, betri hulala chini ya sakafu na kulifanya gari kuwa zito chini. Haligeuki juu chini kirahisi kwenye kona. Uzito huo huo hula matairi na kumuumiza zaidi anayegongwa. Kila faida ina bei yake.

Lakini tuseme ukweli ulio mkubwa kuliko betri na tangi. Kinachowaua watu wetu barabarani ni mwendo kasi, uchovu, tairi lililoisha, mashimo, pikipiki isiyo na taa, kichwa kisicho na helmeti, na gari la watu watano lililobeba tisa, mmoja akigawana kiti na dereva. Hakuna mota itakayotibu hayo. Abiria wa tisa hufa vivyo hivyo ndani ya gari la umeme. Tumezoea kusema ajali haina kinga, na msemo huo umewafariji wenye makosa kwa muda mrefu mno. Ajali nyingi zina kinga, na kinga yenyewe ni ya bei ndogo.

Jiwe la Kolwezi

Kwa Mkongo wa Nakivale kuna swali moja zaidi. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na jiwe hilo huchimbwa Kolwezi na maeneo jirani ya Lualaba na Katanga ya Juu, sehemu yake ikichimbwa kwa mikono, na watoto wamekuwa miongoni mwa wachimbaji. Vita vilivyowaleta wengi hapa viko Kivu, ambako madini yanayogombewa ni mengine, yakiwemo koltani na dhahabu. Tusiyachanganye. Lakini mtu aliyefukuzwa kwao na vita vinavyolishwa na madini ana haki ya kuuliza betri imetengenezwa kwa jiwe gani. Betri za chuma na fosfeti hazina kobalti kabisa. Ni hoja nyingine ya kuzichagua. Na petroli nayo haina mikono safi: visima vya dunia vina historia yao ya damu.

Tuanze wapi?

Hukumu yangu ni hii. Kwa njia ya Nakivale na Mbarara, umeme ni nafuu kuuendesha na una hatari ndogo ya moto. Lakini gari dogo la umeme si mahali pa kuanzia. Tuanze na pikipiki, kisha basi.

Boda boda ya petroli inayokimbia kilomita 100 kwa siku hula lita mbili na nusu hivi, yaani shilingi 12,500. Ya umeme hula kama uniti nne, shilingi 3,200. Kijana anabaki na zaidi ya shilingi 9,000 kila siku. Tena tazama jua. Paneli moja ya wati 300 ikipata saa tano za jua kali hutoa uniti moja na nusu. Paneli tatu juu ya bati la duka zinatosha kuilisha boda boda moja kila siku, bila kusubiri nguzo. Gari letu la uniti 27 lingehitaji paneli 18. Kampala, kampuni kama Zembo, Gogo na Spiro zimeshaonyesha njia: dereva hanunui betri, anafika kituoni, anaacha iliyoisha na kuchukua iliyojaa kwa dakika chache, na anailipia kadiri anavyotumia. Mpango huo unaondoa ule ukuta wa bei ya betri. Neno boda boda lilizaliwa mpakani Busia miaka ya 1960, kwa baiskeli za kuvusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Chombo hiki kimewahi kubadilika, na kinaweza kubadilika tena.

Kisha basi. Pale Jinja kipo kiwanda cha Kiira Motors, shirika lililozaliwa na lile gari la Makerere la 2011. Lilionyesha basi la sola la Kayoola mwaka 2016, na sasa hutengeneza mabasi ya Kayoola EVS, ambayo kwa maelezo ya kampuni huenda kilomita 300 kwa chaji moja. Basi la namna hiyo lingeweza kwenda Mbarara na kurudi mara mbili kwa siku, likachajiwa sehemu moja na kutunzwa na mafundi wachache waliofundishwa vizuri. Likipakia kwa idadi ya viti vyake, hakuna wa tisa. Basi moja likiondoa barabarani magari kadhaa madogo yaliyojazwa kupita kiasi, usalama unaoletwa na hilo unazidi ule wa betri yoyote.

Haya hayatakuja yenyewe. Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia makazi, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wilaya ya Isingiro na jiji la Mbarara wanapopanga barabara na nguzo, wapange pia kituo cha kubadilishia betri na mkopo usiodai hati ya kiwanja. Mbarara ina vijana wa ufundi. Wafundishwe volti kubwa kabla magari hayajafika. Forodha ikague afya ya betri na uwepo wa sauti ya tahadhari. Na mkimbizi asihesabiwe kuwa mpokeaji wa misaada peke yake. Ni abiria, ni dereva na ni mlipaji nauli, kwa hiyo ana sauti katika jambo hili.

Wewe msomaji unayeuza petroli ya chupa, au unayeinunua, una la kufanya leo kabla ya basi la umeme kufika. Itoe chumbani. Iweke nje kwenye kibanda chenye kufuli, mbali na jiko, kibatari na sigara. Ukiona lori la mafuta limeanguka, waite watoto wako na mwondoke, hata kama jirani anachota. Na ukifika stejini ukaambiwa ubanane uwe wa tisa, kataa, subiri gari linalofuata.